Majamvi Kumi ya Bernadeta

Igombe kuna vitu viwili mtu havichezei: ziwa na mwano. Ziwa kila mtu analijua. Mwano ni lile yowe la Wasukuma, sauti nyembamba inayotoka kooni mara tatu, na maana yake ni kwamba kuna mtu anauawa, au anakufa, au amekwisha kufa. Ukipigwa, mama anaacha chungu mekoni, baba anaacha jembe shambani, na mgonjwa anayeweza kusimama anasimama. Hakuna anayeuliza kwanza. Mwaka ule meli ilipozama na watu wengi, mwano ulitembea kijiji hadi kijiji kandokando ya ziwa, na Bernadeta, wakati huo mama wa makamo, alikimbia peku mpaka ufukweni, akakaa huko na wafiwa siku nne.

Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyejua uzito wa jambo hilo kumshinda yeye. Na ndiye aliyekuja kupiga mwano kwa ajili ya televisheni.

Alizaliwa Usagara, pale njia panda, miaka ambayo magari yalikuwa machache hata watoto wakayajua kwa majina. Alisoma mpaka darasa la nne, akajua kusoma, kuandika na kuhesabu, na hayo yakamtosha. Alipoolewa Igombe na mvuvi, mama mkwe wake alimpokea kwa mundu. Akamwingiza majini mpaka magotini, akamwonyesha mafunjo yaliyokomaa na yale ya kuachwa, jinsi ya kuyachuna ganda, kuyaanika juu ya majabali na kuyasuka yangali na unyevu kidogo, maana yakikauka sana yanavunjika kama mifupa ya samaki. Bibi yule alikuwa na neno moja alilorudia kila siku: "Jamvi linataka macho yako yote. Ukiliibia jicho moja, litakusema mbele za watu."

Bernadeta akawa msukaji. Nyumba yoyote ya Igombe iliyofiwa, watu walikalia majamvi ya mkono wake. Yeye na Odeta, mama Paulo, ndio walioanzisha kikundi cha akina mama cha kufa na kuzikana, kabla hata hakijapata daftari. Daftari lilikuwa kichwa cha Bernadeta. Alijua nani alimzikia nani, nani alileta kuni na nani alileta maneno matupu, siku ipi mvua ilikatisha mazishi na nani aliinama kutoa maji kaburini kwa sufuria. Odeta alikuwa mwenyekiti kwa sababu ya sauti yake. Kabla ya kusema hukohoa kidogo, hukaza kanga kwapani, na hapo hata bata hunyamaza.

Mumewe alipofariki, mwanawe Shigela, anayefanya kazi kiwandani Nyakato, aliogopa mama yake atakufa kwa ukiwa. Akaja na boksi pana kuliko mlango, akapachika ukutani televisheni nyembamba kama sinia, akaunganisha king'amuzi, akamfundisha vitufe.

"Mama, sasa hutakaa peke yako."

Mwezi wa kwanza kweli hakukaa peke yake. Sebule ilijaa mpaka kuku wakakosa pa kupita. Lakini watu wana midomo. Huyu anauliza yule ni nani, yule anacheka mahali pa kulia. Bernadeta akaanza kuwanyamazisha, halafu akaanza kufunga mlango. Akabaki yeye na Yasimini.

Yasimini alikuwa binti wa tamthilia ya ng'ambo iliyotiwa sauti za Kiswahili, Kiswahili kinachofika kabla mdomo haujafunguka. Ameolewa katika jumba la Bwana Kemali, lenye ngazi nyingi na watu wasio na kazi yoyote duniani isipokuwa kuchukiana. Bernadeta aliitazama jioni, na kesho yake alasiri akatazama marudio, aone kama safari hii Yasimini atakuwa na akili.

Mambo hayakuharibika siku moja. Alipofiwa mtu nyumba ya tatu, Bernadeta alimtuma Hellen, mke wa jirani yake Pius, apeleke kuni. "Waambie nakuja." Kuni zilifika, mwenye kuni hakufika. Msiba uliofuata alituma unga. Uliofuata alituma salamu. Majamvi ya kikundi yakachakaa, yakatoboka, na waombolezaji wakawa wanakalia turubai la plastiki la kuazima, linalopiga kelele mtu akigeuka. Miaka miwili mafunjo ya Igombe yalizeeka majini bila kukatwa.

Alasiri ya mwano jua lilikuwa kali, na wingu moja jeusi limekaa upande wa visiwani. Akina mama walikuwa ufukweni wameanika dagaa kwenye nyavu juu ya mchanga. Odeta alikuwa na nyavu tatu zimejaa, kazi ya siku nzima. Huku ndani kwa Bernadeta, mama mkwe wa Yasimini alikuwa anakoroga chai. Akatia sukari. Akatazama kushoto na kulia, akatoa kichupa kifuani.

"Usinywe," Bernadeta akasema.

Yasimini akapokea kikombe, anatabasamu.

"Mwanangu, usinywe, unauawa!"

Yasimini akanywa.

Bernadeta hakujua ameinuka saa ngapi. Alijikuta mlangoni, kanga imedondoka, na sauti inayomtoka ni ile ile ya mwaka wa meli. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu ilikuwa inamalizikia hewani alipoona watu wanapanda kutoka ziwani, kundi zima, Pius mbele na kasia mkononi, na Odeta nyuma yake anahema, sketi ameikunja magotini.

"Nani?" Odeta akauliza. "Mama Shigela, ni nani? Ni Shigela?"

Bernadeta akafungua mdomo. Nyuma yake televisheni ilikuwa imeingia kwenye tangazo la sabuni, watu wanaimba.

Hellen, aliyetokea upande wa dirishani, akachungulia ndani, akageuka polepole. "Ni Yasimini."

"Yasimini nani? Wa nyumba gani?"

"Wa... wa humo kwenye televisheni, mama. Mama mkwe wake kamtilia sumu."

Mtu mmoja alianza kucheka, akakatisha. Ndipo tone la kwanza likagonga bati. La pili. Odeta akatazama juu, halafu akatazama ziwani zilikobaki nyavu zake tatu. Walikimbia, lakini mvua ya ziwa haimsubiri mtu. Walipofika, dagaa walikuwa wanaelea kwenye madimbwi kama walioamua kurudi kwao. Dagaa wa hivyo hawana soko la binadamu, ni chakula cha kuku.

Odeta hakumtukana mtu. Alizikung'uta nyavu, akazikunja, akaenda zake. Hilo ndilo lililomtisha Bernadeta.

Shauri likakaa Jumamosi, uani kwa Mzee Mashimba. Mashimba alikuwa mzee kuliko wazee wote wa Igombe, zamani mpiga ngoma, sasa mtu wa kiti na blanketi na kikohozi kisichoisha. Shigela alikuwa amepiga simu mapema: faini ya mwano wa uongo anaijua, atatuma mbuzi, tena beberu mnono. Mashimba akaona jambo limekwisha. Odeta akakohoa, akakaza kanga.

"Mbuzi wa Shigela sitamla. Shigela hajakosa. Aliyekosa ni mikono ya mama yake, iliyokaa bure miaka miwili mpaka mdomo ukafanya kazi peke yake. Faini itoke mikononi."

"Useme basi, mama Paulo," Mashimba akamwambia.

"Majamvi kumi, yale makubwa ya matanga. Akate mafunjo mwenyewe, asuke mwenyewe. Mpaka hapo asiingie nyumba ya mtu, na mtu asiingie kwake."

"Kwa muda gani?" mtu akauliza.

Odeta akafikiri. "Yawe tayari kabla ya msiba ujao. Tukifiwa na majamvi hayajatimia kumi, tunamfuta kwenye kikundi, na siku yake ikifika atazikwa na Yasimini."

Msiba ujao! Kila mtu akawa analipima neno hilo. Hapo Mzee Mashimba akashikwa na kikohozi, kirefu, cha kutoka tumboni. Kilipokwisha akainua uso, akakuta macho yote yanamtazama.

"Msinitazame mimi," akasema. "Mimi sina haraka."

Watu wakacheka, na hata Odeta akageukia pembeni. Bernadeta hakucheka. Alirudi nyumbani akiwa ameelewa kitu kimoja tu: uhai wake kati ya wenzake unaning'inia kwenye kifua cha Mashimba. Mtu anaweza kuishi bila mume, maana yeye ameishi. Anaweza kuishi na mtoto mjini. Lakini kuzikwa na watu wa kukodiwa, hakuna wa kusema huyu alikuwa fulani, hilo hapana.

Jumatatu aliingia majini na mundu, miaka yake sabini na miwili mgongoni. Alikata mpaka jua likawa kali, akabeba mizigo midogo midogo, akachuna, akaanika maganda juu ya majabali nyuma ya nyumba. Yaliponyauka vya kutosha akayalowesha, akaingia nayo sebuleni, akakaa mbele ya televisheni. Alijiambia mikono inajua kazi, macho yana ruhusa.

Siku ya nne akalitoa jamvi la kwanza nje kulitazama. Upande mmoja lilikuwa pana, upande mwingine jembamba, kama shoka. Katikati palikuwa na uvimbe: pale Bwana Kemali alipomwinamia Yasimini kitandani, bado hajafumbua macho.

Hellen, aliyekuwa akitwanga upande wa pili wa ua wa minyaa, akauacha mchi. "Bibi, hilo la kulalia mtu mwenye mguu mmoja?"

"Nyamaza, mtoto mbaya wewe."

Lakini alilifumua lote, na wakati wa kulifumua akamsikia mama mkwe wake marehemu kana kwamba amekaa pale kwenye jabali. Akaingia ndani, akazima televisheni, akaifunika kitambaa cha kufuma. Akahamishia kazi uani, kwenye kivuli cha nyumba.

Siku za mwanzo zilikuwa ndefu. Ikifika saa ya Yasimini miguu ilimwasha, na mara mbili aliinuka akafika mpaka mlangoni. Lakini kila alipokumbuka kikohozi cha Mashimba alirudi kukaa. Asubuhi ilikuwa kazi yake ya kwanza kwenda kusimama kwenye njia inayopita kwa mzee, asiingie, maana amekatazwa, akapaza sauti.

"Mwangaluka, mzee! Umelalaje?"

"Nimelala nikaamka. Umefika la ngapi?"

"La pili."

"Mh! Basi ngoja nimeze dawa."

Akaanza kumwekea chupa ya uji wa ulezi juu ya jiwe lililokuwa njiani, na tangawizi ya kikohozi, na siku nyingine michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoichemsha ikalainika kwa ajili ya fizi zake. Watu wakataniana kwamba hakuna mzee anayetunzwa Mwanza nzima kama Mashimba. Binti yake mwenyewe alisema kikohozi kimepungua.

Kwenye jamvi la tatu Hellen akashindwa kuvumilia. Kwake hapakuwa na umeme, na miaka ile miwili alikuwa akiifuata tamthilia kwa masikio, amejibanza chini ya dirisha la Bernadeta akijifanya anachambua mboga.

"Bibi, sasa Yasimini alikufa au hakufa?"

"Nitajuaje? Si nimezima."

"Jamani, bibi! Mtu kanywa sumu umemwacha pale pale?"

Bernadeta akaendelea kusuka. Kweli, alikuwa amemwacha pale pale. Akaweka ganda moja juu, moja chini, na bila kupanga akasema, "Hakufa. Sumu ilikuwa ya zamani, imeisha nguvu. Alizimia tu. Akaamka usiku, akachukua kitenge chake kimoja, akatoka kwa mlango wa jikoni."

Mchi wa Hellen ukasimama. "Akaenda wapi?"

"Akaenda... akapanda basi. Akashuka Nyamagana pale stendi, hana anayemjua. Akauliza watu: wapi mwanamke anaweza kufanya kazi bila kuulizwa baba yake ni nani? Wakamwambia nenda Igombe, kule wanaanika dagaa."

Hellen akacheka mpaka akakaa chini. "Yasimini! Na kucha zile!"

"Zilikatika siku ya kwanza," akasema Bernadeta.

Kesho yake Hellen alikuja na mwenzake. Hawakuingia uani, maana amri ni amri. Walikaa nje ya minyaa, migongo yao kwenye njia, na ungo wa mchele mapajani. Kesho kutwa wakawa watano, na wiki iliyofuata nje ya ua pakawa kama gulio. Huyu anachambua mchele, yule ananyonyesha, mwingine anatia viraka kwenye wavu wa mumewe. Walioona kusikiliza tu ni kupoteza muda wakaomba maganda, wakajifunza kusuka vipande vidogo vyao, na Bernadeta akawa anawasahihisha kwa kunyoosha fimbo juu ya ua: "Wewe wa kanga nyekundu, umeruka mbili! Fumua."

Jambo lililomshangaza ni hili. Hadithi aliyokuwa akiitazama ilimwacha kila jioni kichwa kimejaa na mikono mitupu. Hii aliyoitoa mwenyewe ilimwacha na jamvi. Na kila alichokihitaji alikuwa nacho tayari. Miaka sabini ya watu wa Usagara na Igombe ilikuwa kichwani mwake, waliopendana, walioibiana wake, walionyimana chumvi wakaja kuzikana. Alimpa Yasimini njaa ya mwaka wa njaa. Akampa mchumba mvuvi mwenye macho ya marehemu mumewe, na hilo hakumwambia mtu. Kisha, kwa kuwa hadithi haiendi bila adui, akamleta Igombe mama mkwe wa Yasimini, kamfuata mkwewe kwa bodaboda. Na mama mkwe huyo, kabla ya kusema, alikohoa kidogo na kukaza kanga kwapani.

Nje ya minyaa mtu alijiziba mdomo. Mwingine akapiga paja. "Tunamjua huyo!"

Bernadeta akajua amefanya kosa, lakini kicheko cha watu ni kitamu. Kwa siku tatu mama mkwe alikohoa, akakaza kanga, akawagombeza bata, na Igombe yote ikaja kusikiliza.

Siku ya nne, akiwa peke yake asubuhi kwenye jamvi la nane, alisikia kikohozi kifupi nje ya ua. Hakuhitaji kuinua macho.

"Mama Shigela."

"Mama Paulo. Karibu... nje."

"Nimeshakaribia. Nasikia kuna mama mkwe huko kwenye hadithi yako anakohoa kabla ya kusema."

"Wanaokohoa ni wengi. Hata Mashimba."

"Na kanga anaikaza hivi?" Odeta akakaza.

Bernadeta akaacha ganda alilokuwa ameshika. Majamvi saba, na haya ndiyo malipo ya mdomo wake kwa mara ya pili. "Unaweza kuniongezea mengine kumi," akasema. "Ni haki yako."

Odeta alikuwa akiyatazama yale saba, yamekunjwa yameegemezwa ukutani. Akaingiza mkono katikati ya minyaa, akashika pindo la lile lililokuwa karibu na ua, akalipima kwa kidole gumba.

"Nyavu zangu tatu umezilowesha, nikanyamaza," akasema. "Lakini sumu, mama Shigela? Tumezikiana watoto mimi na wewe. Ulipokuwa na homa ya uzazi wa Shigela ni nani alikunyonyeshea mtoto siku sita?"

"Ni wewe."

"Basi mrekebishe. Akohoe, sawa. Agombane na bata, sawa, bata wangu ni wajinga. Lakini mimi sikumtilia mtu sumu."

Akaondoka. Bernadeta alikaa na jamvi lile mapajani muda mrefu bila kusuka. Kichwa chake kilichokuwa daftari la Igombe kilikumbuka siku zile sita zote: rangi ya kanga ya Odeta, na jinsi alivyokuwa akija mvua ikinyesha, titi moja kwa Paulo, jingine kwa Shigela.

Jioni ile wasikilizaji walipokaa, aliwaambia kwamba safari hii wote walidanganywa, hata msimulizi. Kile kichupa kifuani kwa mama mkwe hakikuwa sumu. Kilikuwa dawa ya kienyeji ya kumrudishia Yasimini hamu ya kula, maana mama mkwe aliona binti anakonda. Mwenye sumu alikuwa Bwana Kemali, aliyekwisha kuitia ndani ya sukari, na ni ile dawa ndiyo iliyoipunguza makali. Huyo mama hakuja Igombe kumdhuru mtu. Amepanda bodaboda kutoka mbali, na uzee wake, kumtafuta mtoto asiye wa tumbo lake. Na Yasimini alipozaa na maziwa yakakataa kutoka, ni yeye aliyekwenda nyumba hadi nyumba, mvua inanyesha, akimtafutia mtoto mama wa kumnyonyesha.

Kwa mbali, njiani, mtu alikohoa. Akasikika akiwafukuza bata waende nyumbani.

Jamvi la nane likaisha. Likaisha la tisa. La kumi alikuwa ameshasuka zaidi ya nusu, ncha za maganda zimesimama kama nywele, asubuhi aliyopaza sauti njiani na Mashimba asiitikie. Uji wa jana ulikuwa bado juu ya jiwe.

Akarudi uani kwake, akakaa. Kabla hajashika kazi, mwano ukaja. Ulitoka kwa binti wa Mashimba. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na huu ulikuwa wa kweli. Njiani miguu ikaanza kukimbia. Bernadeta alimlilia kwanza mzee mwenyewe, aliyesema hana haraka. Halafu akageuka akatazama ukuta. Majamvi tisa. Msiba ujao ulikuwa umefika, na hesabu haikuwa imetimia.

Angeweza kubaki ndani. Hukumu ilikuwa wazi na aliyeitoa hakuwa mtu wa kurudisha maneno. Lakini mwano haumwiti mwanachama, unamwita mtu. Akayafunga manne kwa kamba, akajitwika. Hellen, aliyekuwa anapita mbio, akamwona, akasita, akachukua matano bila kuuliza kama sheria inaruhusu. Lile la kumi, na ncha zake, Bernadeta akalikumbatia kifuani.

Uani kwa Mashimba akina mama walikuwa wanakunjua lile turubai. Walipomwona akisimama nje, kwenye mpaka wa ua, wakaacha. Odeta akatoka ndani kwa marehemu, macho mekundu. Akayatazama majamvi.

"Mangapi?"

"Tisa."

"Na hilo?"

"Halijakwisha. Limebaki dhiraa mbili na pindo." Sauti ya Bernadeta ilikuwa imara. "Sikuja kuomba kitu, mama Paulo. Mtandikieni mzee, halafu nitarudi kwangu. Alikunywa uji wangu miezi mitatu, siwezi kuacha watu wamlilie kwenye plastiki."

Wakati huu Odeta hakukohoa. Alilichukua lile jamvi la kumi kifuani kwa mwenzake, akaingia nalo uani, akalitandika katikati, mbele ya mlango wa marehemu, ncha zimetawanyika pande zote. Akakaa juu yake. Kisha akapapasa nafasi iliyokuwa kando yake.

"Mafunjo yakishakatwa majini ni jamvi," akasema. "Kaa, umalize. Tulisema kabla ya msiba. Msiba bado haujakwisha."

Bernadeta akavuka mpaka wa ua, akakaa.

Walimzika Mashimba kesho yake. Matanga yakachukua siku tatu, na siku hizo zote watu walilala na kukaa kwenye majamvi yasiyopiga kelele. Alasiri ya siku ya tatu, waombolezaji wamechoka kulia na hamu ya kuongea imeanza kurudi kidogo kidogo, Bernadeta alikuwa kwenye pindo la mwisho. Binti wa Mashimba akasema baba yake alikuwa akimtuma kila jioni kwenye ule ua wa minyaa akamletee habari za Yasimini, na amekufa anaulizia.

Wanawake wakamtazama Bernadeta. Bernadeta akamtazama Odeta.

Odeta akakaza kanga. "Haya, mama Shigela. Yule mama mkwe wako amefikia wapi?"

"Yupo ufukweni," akasema Bernadeta, akipitisha ganda la mwisho chini ya jingine. "Anaanika dagaa. Nyavu tatu zimejaa."

"Na mvua?"

Bernadeta akalivuta pindo, likakaza. "Leo hainyeshi."